Panga Upya Hesabu Yako: Kuzidisha na Kugawanya kwa Njia Nyepesi

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima, Mpanda na Mkoa wa Katavi. Maneno yamepigwa chapa kama yalivyosomwa, pamoja na mazoezi na majawabu yake.

Natumaini mmekwisha kukaa, na kila mtu ana karatasi na kalamu. Leo twahitaji kitu kimoja zaidi: punje 24 za mahindi au za maharage. Ziwekeni mezani mbele yenu.

Katika masomo yaliyopita mlijifunza kuzidisha na kugawanya kwa kuandika chini, tarakimu juu ya tarakimu. Njia ile ni njema, wala hatuiachi. Lakini sokoni hakuna meza, na mnunuzi hangoji. Mtu anayeuza mahindi Mpanda mjini, au mpunga wa Usevya, au dagaa wa Karema, hupaswa kujua jawabu lake kabla ya fedha kubadili mkono. Leo tutajifunza kupanga upya hesabu iliyo nzito mpaka iwe nyepesi, bila kubadili jawabu lake. Tena tutaona jinsi mpangilio mbaya unavyoweza kumpunja mtu bila yeye kujua.

1. KUZIDISHA HAKUBAGUI MPANGILIO

Chukueni zile punje 24. Zipangeni mistari 4, kila mstari punje 6. Sasa zungukeni meza, mzitazame kutoka ubavuni. Mnaona nini? Mnaona mistari 6, kila mstari punje 4. Hakuna punje iliyoongezeka wala iliyopotea. Basi 4 × 6 ni sawa na 6 × 4, na jawabu ni 24.

Zikiwa namba tatu za kuzidishwa, au nne, au zaidi, sheria ni ile ile. Mwaweza kuanza na yoyote, na kuunganisha mbili mnazozipenda kwanza. Hii ndiyo faida yake: tunachagua jozi iliyo rafiki. Namba rafiki ni zile ambazo zikizidishwa hutoa 10, au 100, au 1,000. Zikumbukeni jozi tatu hizi:

2 × 5 = 10
4 × 25 = 100
8 × 125 = 1,000

Jozi ya pili haikuwa ngeni kwa wazee wa pwani. Wao walipima nafaka kwa pishi, na pishi moja ilikuwa vibaba vinne. Kwa hiyo pishi 25 zilikuwa vibaba 100 kamili.

Sasa fanyeni hesabu hii: 25 × 17 × 4. Mtu asiyejua ataanza kuzidisha 25 kwa 17, atoke jasho. Ninyi hamishieni ile 4 karibu na 25. 25 × 4 ni 100, na 100 × 17 ni 1,700. Tumemaliza.

Tuchukue mfano wa mkulima wa tumbaku wa Mishamo au Inyonga. (Bei zote katika somo hili ni za mfano tu, si za soko.) Ana kilo 48 za daraja moja, na bei ya kilo ni shilingi 2,500. Ni shilingi ngapi? Hapa hatuoni ile 4 iliyo rafiki wa 25, lakini imejificha ndani ya 48, kwa kuwa 48 ni 12 × 4. Na 2,500 ni 25 × 100. Basi tupange hivi:

48 × 2,500 = 12 × 4 × 25 × 100
= 12 × 100 × 100
= 120,000

Shilingi laki moja na ishirini elfu. Hesabu hii yaweza kufanywa kichwani, mtu akiwa amesimama penye mizani.

2. NUSU HUKU, MARA MBILI KULE

Njia ya pili yatokana na ile ya kwanza. Ikiwa mnazidisha namba mbili, mwaweza kuigawa moja nusu na kuiongeza nyingine mara mbili. Jawabu halibadiliki, maana tulichokitoa upande mmoja tumekiweka upande wa pili. Kwa mfano, 16 × 35. Nusu ya 16 ni 8. Mara mbili ya 35 ni 70. 8 × 70 ni 560, basi 16 × 35 ni 560 pia.

Jambo hili laonekana vizuri sana shambani. Eka moja ni yadi za mraba 4,840, na hatua ndefu ya mtu mzima hukaribia yadi moja. Ndiyo maana watu wengi hupima eka kwa hatua 70 upande huu na hatua 70 upande huu, zitoke hatua za mraba 4,900. Imezidi kidogo tu.

Lakini si kila shamba lina pande zilizo sawa. Tuseme mtu akodisha eka moja karibu na mto, na nafasi iliyopo ina upana wa hatua 35 tu. Urefu uwe hatua ngapi ili apate eka yake? Simameni hapa kidogo, mjadiliane.

(Kimya kidogo.)

Pengine mmoja wenu amesema hivi: "Upana umepungua hatua 35, basi tuongeze urefu kwa hatua 35, uwe 105." Maneno hayo yapendeza sikioni, lakini si kweli. Tujaribu:

105 × 35 = 3,675

Twahitaji 4,900. Zimepungua hatua za mraba 1,225, na hiyo ni robo kamili ya eka. Mtu huyo atalipa kodi ya eka nzima, atalima robo tatu.

Njia ya haki ni hii. Upana umekuwa nusu, kwa hiyo urefu uwe mara mbili:

70 × 70 = 140 × 35 = 4,900

Urefu uwe hatua 140. Kumbukeni basi: katika kuzidisha, nusu hufidiwa kwa mara mbili, na theluthi hufidiwa kwa mara tatu. Haifidiwi kwa kujumlisha. Mkikodi shamba, au mkigawana shamba la urithi, jambo hili lawapasa kulijua kabla ya kupiga vigingi.

Kuongeza mara mbili ni mtindo wa zamani sana duniani. Karani mmoja wa Misri ya kale, jina lake Ahmose, aliandika juu ya mafunjo kwenye mwaka 1550 hivi kabla ya Kristo, na maandishi yake mengi yako London hata leo katika jumba la makumbusho la Uingereza. Wamisri wale walizidisha kwa kuongeza mara mbili, tena mara mbili. Wakitaka 13 × 35 waliweza kufanya hivi:

1 × 35 = 35
2 × 35 = 70
4 × 35 = 140
8 × 35 = 280

Kisha walitafuta upande wa kushoto namba ambazo jumla yake ni 13. Ni 1 na 4 na 8. Basi wakajumlisha 35 na 140 na 280, wakapata 455. Anayejua kuongeza mara mbili na kujumlisha aweza kuzidisha namba yoyote, hata kama hajakariri jedwali lote. Kwa hiyo asiwepo mtu darasani mwenu anayesema amechelewa mno kujifunza.

3. KILA NAMBA HUTEMBEA NA ALAMA YAKE

Sasa twaingia katika kugawanya. Hapa yatupasa kuwa waangalifu zaidi.

Fikirini wasafiri wanaokwenda njia moja, kila mmoja na mzigo wake. Waweza kubadilishana nafasi, wa nyuma akaenda mbele, lakini kila mmoja huchukua mzigo wake mwenyewe. Namba nazo ni hivyo. Mzigo wa namba ni ile alama iliyo mbele yake. Namba yenye alama ya kuzidisha ikihama, ihame na alama ya kuzidisha. Yenye alama ya kugawanya ihame na alama ya kugawanya. Namba ya kwanza kabisa, ambayo haina alama, ihesabiwe kuwa ni ya kuzidisha.

Tazameni hesabu hii: 24 × 15 ÷ 8.

Mkizidisha kwanza, 24 × 15 ni 360, na 360 ÷ 8 ni 45. Ni sawa, lakini ni kazi. Sasa hamisheni "÷ 8" iende karibu na 24:

24 ÷ 8 × 15 = 3 × 15 = 45

Jawabu ni lile lile, na kazi imepungua.

Sasa tufike penye jambo lenyewe linalowapata wakulima wetu. Sikilizeni kwa makini.

Tuseme gunia la mahindi lina madebe 6, na bei ya gunia ni shilingi 70,000. Bibi mmoja ana madebe 90. Mnunuzi amwambia: "Mama, gunia elfu sabini, madebe sita. Basi debe moja ni elfu kumi na moja na mia sita. Madebe yako tisini ni milioni moja na arobaini na nne elfu." Tuangalie hesabu yake. 11,600 × 90 ni 1,044,000. Kuzidisha kwake ni sahihi. Je, bibi huyu amepata haki yake?

(Kimya kidogo. Andikeni mawazo yenu.)

Tupange upya. Hesabu yenyewe ni 70,000 ÷ 6 × 90. Ile 6 haiingii katika 70,000 bila mabaki, lakini yaingia vizuri katika 90. Basi tuipeleke huko:

90 ÷ 6 × 70,000 = 15 × 70,000 = 1,050,000

Madebe 90 ni magunia 15 kamili, na magunia 15 ni shilingi milioni moja na hamsini elfu. Bibi amepungukiwa shilingi 6,000. Fedha hiyo imekwenda wapi? 70,000 ÷ 6 ni 11,666 na mabaki. Mnunuzi alikata mabaki ili bei iwe namba nzuri ya kutamka. Katika debe moja alikata shilingi 66 na kitu, na mtu haoni kitu hicho. Lakini alikata mara 90. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, na hapa kibaba kilichojaa ni cha mwingine.

Si lazima mnunuzi awe na nia mbaya. Hata yeye aweza kupata hasara kwa mpangilio huo huo. Angesema debe ni 11,700, angelipa 1,053,000, yaani shilingi 3,000 zaidi ya haki. Njia nzuri ya kupanga hesabu humlinda muuzaji na mnunuzi pia.

Na kama madebe yangekuwa 92? Hapo 6 haiingii sawasawa popote. Basi zidisheni kwanza, gawanyeni mwisho:

92 × 70,000 = 6,440,000
6,440,000 ÷ 6 = 1,073,333, na mabaki 2

Hapa nayo mabaki yapo, lakini tumeyatupa mara moja tu, na thamani yake haifiki hata shilingi moja. Mkimfuata yule wa debe moja kwa shilingi 11,600, mtapata 1,067,200, na mtapoteza zaidi ya shilingi 6,000.

Andikeni sheria hii kwa herufi kubwa: TAFUTA KWANZA MAHALI AMBAPO KUGAWANYA KUNAINGIA BILA MABAKI. USIPOPAONA, ZIDISHA KWANZA, GAWANYA MWISHO.

Neno moja zaidi. Hesabu njema haiwezi kuponya kipimo kibovu. Gunia likifungwa lumbesa, au mizani ikiwa mbovu, hesabu haitamrudishia mtu mahindi yake. Mizani kwanza, hesabu baadaye.

4. KUGAWANYA KWA HATUA NDOGO

Kikundi cha akina mama cha kuweka akiba kina watu 18. Mwisho wa mwaka sandukuni mna shilingi 756,000. Kila mtu apate ngapi? Kugawanya kwa 18 kwaonekana kugumu. Lakini 18 ni 9 × 2. Kwa hiyo twaweza kugawanya kwa 9 kisha kwa 2:

756,000 ÷ 9 = 84,000
84,000 ÷ 2 = 42,000

Kila mtu shilingi 42,000. Mngeanza na 2 kisha 9, jawabu lingekuwa lile lile, kwa kuwa alama zote mbili ni za kugawanya na kila namba imetembea na mzigo wake.

Tena, mkizidisha pande zote mbili za kugawanya kwa namba moja, jawabu halibadiliki. Ukiwa na mikate mara mbili na watu mara mbili, fungu la mtu ni lile lile. Tuchukue reli yetu. Njia ya reli itokayo Kaliua mpaka Mpanda, iliyojengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi wa Uruwira, ina kilometa 210 hivi. Ikiwa gari la moshi linakwenda kilometa 35 kwa saa, bila kuhesabu kusimama vituoni, litachukua saa ngapi?

210 ÷ 35 = 420 ÷ 70 = 6

Saa sita. Tumeongeza pande zote mara mbili, na 70 ni nyepesi kuliko 35.

Kwa njia hiyo mwaweza kugawanya kwa 5 upesi. Ongezeni mara mbili, kisha gawanyeni kwa 10. 1,340 ÷ 5 ni sawa na 2,680 ÷ 10, yaani 268. Na kugawanya kwa 25, zidisheni kwa 4, gawanyeni kwa 100. 3,200 ÷ 25 ni sawa na 12,800 ÷ 100, yaani 128.

5. MAONYO MATATU

Kwanza, katika kugawanya msibadilishe nafasi za namba bila alama zake. Machungwa 24 kwa watu 8 ni machungwa matatu kila mtu. Machungwa 8 kwa watu 24 ni theluthi ya chungwa. Si kitu kimoja.

Pili, alama mbili za kugawanya zikifuatana, msigawanye zile namba mbili za mwisho kwanza. Kilo 100 za unga zimegawiwa nyumba 10, na katika kila nyumba wamo watu 2. Kila mtu apata 100 ÷ 10 ÷ 2, ndiyo kilo 5. Mtu akianza na 10 ÷ 2, atapata 5, kisha 100 ÷ 5 atapata 20. Atakuwa ameahidi kila mtu kilo 20, na unga hautoshi. Mkitaka kuanza na zile mbili za mwisho, zizidisheni: 10 × 2 ni watu 20, na 100 ÷ 20 ni 5.

Tatu, sheria za leo ni za kuzidisha na kugawanya peke yake. Alama ya kujumlisha au ya kutoa ikiingia katikati, simameni. Kwa mfano, 60 ÷ 5 ni 12. Mtu asiseme kwamba 5 ni 2 na 3, kwa hiyo agawanye 60 kwa 2, kisha kwa 3, halafu ajumlishe. Atapata 30 na 20, jumla 50, na hilo ni kosa kubwa. Ile 18 tuliivunja kwa kuzidisha, 9 × 2, wala hatukuivunja kwa kujumlisha.

MAZOEZI

Fanyeni kichwani kwanza, kisha hakikisheni kwa kuandika.

1. 4 × 19 × 25
2. 32 × 15
3. 140 × 18 ÷ 7
4. Watu 15 wagawane shilingi 630,000. Kila mtu apate ngapi?
5. Shamba lina urefu wa hatua 175 na upana wa hatua 28. Je, latimiza eka kwa kipimo cha hatua 70 kwa 70?
6. Mchele kilo 3 ni shilingi 5,000. Mtu ana kilo 240. Mnunuzi ataka kulipa shilingi 1,650 kwa kilo. Haki ya muuzaji ni ngapi, na atapungukiwa ngapi?

MAJAWABU

1. 100 × 19 = 1,900.
2. 16 × 30 = 480.
3. 140 ÷ 7 × 18 = 20 × 18 = 360.
4. 1,260,000 ÷ 30 = shilingi 42,000.
5. 175 × 28 = 350 × 14 = 700 × 7 = 4,900. Ndiyo, latimiza.
6. 240 ÷ 3 × 5,000 = 80 × 5,000 = shilingi 400,000. Kwa bei ya mnunuzi angepata 396,000, basi atapungukiwa shilingi 4,000.

KWA KIONGOZI WA DARASA

Msikimbilie majawabu. Katika zoezi la 5 na la 6, mwacheni kila mwanafunzi aeleze njia yake mbele ya wenzake. Watu wawili wakifika jawabu moja kwa njia mbili, waandikeni wote wawili ubaoni, na darasa liseme ipi ilikuwa nyepesi. Kama kuna uwanja, tokeni nje mpime hatua 70 kwa 70, kisha hatua 140 kwa 35, ili kila mtu aone eka moja katika maumbo mawili.

Ndugu wanafunzi, kabla ya somo lijalo kila mmoja alete hesabu moja ya kweli kutoka nyumbani kwake, iwe ya shamba, ya duka, ya nauli au ya karo. Tutaipanga upya pamoja. Somo lijalo litahusu robo, nusu na asilimia. Kwa herini.